Sura ya Saba: Kwenda Sinema

Mtu akiuliza leo kama kungali na haja ya kwenda kutazama picha katika jumba la sinema, ilhali picha ile ile yaweza kumfuata nyumbani kwa king'amuzi au kwa bando la simu, akaitazama amejinyosha kitandani, akaisimamisha apendapo na kuirudia apendapo, swali lake si la kipuuzi wala si la kudharauliwa. Ni swali la mtu anayehesabu: nauli ya kwenda na ya kurudi usiku, bei ya tikiti, bei ya bisi na soda, ambayo ikivuka mlango wa jumba hupanda bila ya haya, na saa za usingizi zitakazopotea. Wengi waliokwisha kumjibu wamemjibu kwa kuusifu ukubwa wa kiwambo na ngurumo za spika, na jibu hilo, kwa maoni yangu, ni dhaifu, kwa maana kila mwaka runinga zazidi kupanuka na bei zake zazidi kushuka, na haiko mbali siku ambayo sebule ya mtu wa kadiri haitakuwa na cha kulionea jumba wivu. Lau fadhila ya sinema ingekuwa katika kiwambo peke yake, kesi hii ingalikwisha kukatwa zamani. Fadhila yake imo katika watu waliokaa mbele ya kiwambo, na ili nilithibitishe neno hili sina budi kumrejesha msomaji Unguja, mahali ambapo jambo hili lilipata kuwa kamili kuliko pengi nipajuapo.

Jumba la fahari lililojengwa makusudi kwa ajili ya picha katika Mji Mkongwe lilifunguliwa mwaka 1921 likaitwa Royal. Jina hilo baadaye likabadilishwa likawa Majestic, na katika miaka ya 1950 likateketea kwa moto, likainuliwa tena mwaka 1955 kwa umbo jipya. Watu wa Unguja walikuwa pia na Empire pale Darajani, na Sultana, ambalo baadaye liliitwa Cine Afrique. Na ng'ambo ya maji, Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Odeon, Azania, Empress na Chox, Tanga ilikuwa na Majestic yake pamoja na Regal na Novelty, Moshi ilikuwa na Plaza, na Mombasa ilikuwa na Regal na Naaz. Wenye majumba haya aghalabu walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, waliozaliwa au kulowea katika pwani hii, wakatia mali zao katika mawe na chokaa kwa sababu waliwajua majirani zao na waliijua ladha yao. Picha zilitoka Bombay, Misri, Uingereza na Marekani, na kila jumba lilijitahidi kuwa na wapenzi wake.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku kubwa, maana ndiyo siku ya picha za Kihindi. Watu walioga, wakavaa nguo ambazo siku nyingine zilikuwa zikingojea Idi, wakatoka nyumba nzima, baba, mama, watoto na wageni waliofikia kwao, na njia nyembamba za Mji Mkongwe zikajaa harufu ya udi na ya mafuta mazuri kuelekea upande mmoja. Mwenye kuchelewa hakupata kiti ila kwa walanguzi, ambao walikwisha kuzinunua tikiti mapema na sasa walisimama mlangoni wakiziuza kwa bei ya kuumiza. Wanawake waliohifadhi sitara walikuwa na maonyesho yao wenyewe yasiyoingia mwanamume, wakakaa na mashoga zao, mama wakwe wao na binti zao, wakalia na kucheka bila ya kuchungwa na jicho la mtu. Na kwa wengi wao saa hizo zilikuwa miongoni mwa chache walizopata nje ya kuta za nyumba zao pasipo harusi wala matanga. Ni kweli kwamba bei iliwatenga watazamaji, wenye nacho wakipanda balkoni na wasio nacho wakikaa mbele karibu na kiwambo, shingo zikiwauma kwa kutazama juu. Walakini kicheko kilipotoka mbele kiliwafikia wa juu, na kwikwi iliyoanza balkoni ilishuka chini, hata usiweze kusema ni nani aliyeanza.

Juu ya vichwa vya watu hawa palikuwa na kazi ambayo wengi hawakupata kuiona. Katika chumba kidogo cha nyuma, chenye joto na harufu ya mafuta ya mashine, mkanda wa milimita 35 ulipita mbele ya taa kali, picha 24 kwa kila sekunde moja. Picha ndefu haikuweza kuingia katika gurudumu moja; iligawanywa katika magurudumu, kila moja la dakika kumi hadi ishirini, na jumba lenye kujiheshimu lilikuwa na mashine mbili zilizosimama sambamba. Gurudumu la mashine ya kwanza lilipokaribia kwisha, alama ndogo ya mviringo ilimulika katika pembe ya juu ya kulia ya kiwambo, kwa muda usiofika hata kupepesa jicho. Mtazamaji hakuitambua, lakini mwendesha mashine aliitambua, akaiwasha mashine ya pili ikaanza kwenda. Alama ikamulika tena, naye papo hapo akaufungua mwanga wa mashine hii na kuufunga wa ile, na hadithi ikaendelea pasipo mtu ukumbini kujua kwamba imehama. Tena, kwa kuwa nakala moja ya picha ililazimika mara nyingi kuhudumia majumba mawili katika usiku mmoja, jumba la pili lilianza baadaye kidogo kuliko la kwanza, na vijana wa baiskeli waliyachukua magurudumu yaliyokwisha kuonyeshwa hapa wakayakimbiza kule, wakarudi mbio kuchukua mengine. Kijana akipata pancha njiani, stelingi alibaki katikati ya mashaka yake, taa zikawashwa, na ukumbi mzima ukapiga miluzi mpaka gurudumu lilipofika.

Lakini sehemu ya sinema ninayoithamini zaidi ilianza baada ya taa kuwashwa kwa mara ya mwisho. Kwa mfano, Raj Kapoor alitengeneza mwaka 1951 picha ya Kihindi ya Awara, akaicheza mwenyewe pamoja na Nargis na pamoja na baba yake mzazi, Prithviraj Kapoor. Yahusu hakimu anayeitakidi kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi na mtoto wa mtu mwema hana budi kuwa mwema. Hakimu huyu amfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku tu, na mwanawe mwenyewe analelewa katika ufukara, anakuwa mwizi, hata anasimamishwa kizimbani kwa shitaka la kutaka kumwua hakimu yule yule ambaye ndiye baba yake. Picha hii ilipendwa Unguja mapenzi makubwa, nami siamini kwamba ilipendwa kwa nyimbo zake tu. Katika Unguja ya miaka ile, ambamo nasaba na asili za watu zilitajwa kila kukicha, katika ndoa, katika kazi na katika siasa, swali la kama damu ndiyo humfanya mtu kuwa alivyo, au malezi na dhiki, lilikuwa swali lao wenyewe. Watu walitoka ukumbini nalo, wakalichukua barazani, wakalijadili mbele ya kahawa chungu na kashata; na waliweza kulijadili kwa sababu wote waliitazama picha moja, katika juma moja, hapana aliyekuwa mbele ya mwenzake wala aliyemwomba mwenzake asimwambie mwisho wake. Vivyo hivyo ilivyokuwa kwa Mother India ya mwaka 1957, ambamo Nargis yule yule, aliyewalea wanawe katika njaa na deni, ampiga risasi mwanawe ampendaye ili asivunje heshima ya msichana wa kijiji. Mama aitazamaye picha hiyo peke yake chumbani aweza kulia, na machozi yake ni ya kweli; lakini mama aitazamaye katikati ya mamia ya mama wengine, akawasikia wote wakivuta pumzi kwa pamoja kabla ya risasi, amepata kujua jambo juu ya majirani zake ambalo hangalijua kwa njia nyingine.

Hiyo ndiyo hoja yangu, nami naisema waziwazi ili msomaji aipime: jumba la sinema ni moja katika mahali pachache ambapo watu wasiojuana, wasio wa nyumba moja wala dini moja wala chama kimoja, hukaa pamoja kwa saa mbili au tatu wakiguswa na jambo moja kwa wakati mmoja. Msikiti na kanisa huwakusanya walioamini, na kiwanja cha mpira huwakusanya waliokwisha kugawanyika pande mbili. Sinema haimwulizi mtu itikadi wala upande.

Namna majumba haya yalivyokufa inajulikana, nami nitapita upesi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 majumba ya Unguja yalichukuliwa na serikali; Bara, sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo iliwapokonya wenye majumba mengi milki yao, na uingizaji wa picha ukawa katika mikono ya shirika la umma. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya ziliadimika nazo, na watu wakarudia kutazama za zamani zilizokwaruzika. Unguja ilipata televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, lakini mikanda ya video ilikwisha kuingia majumbani katika miaka ya 1980. Jumba baada ya jumba likafungwa, mengine yakawa maghala, mengine maduka, mengine nyumba za ibada. Paa la Majestic likaachwa hata likaporomoka. Na pale Msasani, Dar es Salaam, kiwanja cha Drive-in, ambapo jamaa walikuwa wakitazama picha ndani ya magari yao huku watoto wamelala viti vya nyuma, leo pamesimama ubalozi wa Marekani.

Walakini hadhara haikufa pamoja na kuta zake, na hapa nadhani waandishi wengi wa mambo haya wamepita mahali pa thamani bila ya kutupa jicho. Wakati majumba yalipokuwa yakifungwa, katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine palizuka vibanda vya video, ambavyo watu wenyewe waliviita vibanda umiza: kuta za mabati au za mabua, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, runinga moja iliyowekwa juu ya meza ndefu, na joto la watu waliobanana. Na kwa kuwa picha zilikuwa kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina, alitokea mfasiri aliyekaa na kipaza sauti akisimulia kwa Kiswahili, akiwatia wachezaji maneno na mizaha na hata majina ya mitaa yetu. Aliyesifika kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa kwa kanda hata mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika, na kazi ya namna hiyo hiyo ilistawi vilevile Uganda. Wako wanaoviona vibanda hivi kuwa ni udhalili wa sinema. Mimi naviona kuwa warithi wake wa haki, kwa sababu waliokaa juu ya mabenchi yale walijibu, walionya, walimzomea adui na kumshangilia stelingi, kama walivyofanya baba zao na babu zao walipokaa viti vya mbele vya Majestic na Empire. Leo vingi vimegeuka kuwa vya kuonyesha mpira wa Ulaya, na sababu yake ni ile ile: mtu mwenye simu ya kumwonyesha mabao yote hatoki usiku kwenda kulipa kiingilio ila kwa kuwatafuta wenzake.

Majumba mapya, yaliyomo ndani ya vituo vikubwa vya maduka katika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, yana viti laini, ubaridi wa mashine na picha isiyo na mkwaruzo, maana mkanda umekwisha na picha huja katika kumbukumbu za kompyuta. Nayashukuru kwa kuwako, lakini yana aibu zao, na si haki kumwambia msomaji atoe fedha zake bila ya kumwonya. Nimepata kukaa katika jumba moja la namna hii, jina lake nalihifadhi, ambamo picha ya usiku ilikuwa imefifia kiasi kwamba nyuso za watu weusi katika picha hiyo hazikutambulikana, kwa kuwa taa ya mashine ilikuwa imepita umri wake na mwenye jumba alikuwa akiiongezea siku ili asinunue nyingine. Sauti ilikuwa imepunguzwa hata manong'ono hayakusikika. Na nilipotoka kutafuta mtu wa kumwambia sikumpata, kwa sababu mashine hujiendesha kwa ratiba na yule mwendesha mashine wa zamani, aliyeungojea ule mwako wa alama kwenye pembe, hayupo tena. Mbele yangu watu watatu walikuwa wamefungua simu zao, kila mmoja na mwanga wake. Mtu aliyelipa nauli na tikiti akakutana na haya ana haki ya kusema kwamba afadhali angebaki nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwenye kuhesabu lina masharti. Si kila picha inayostahili safari. Hadithi ndefu za mfululizo, ambazo zinaandikwa ili zitazamwe kidogo kidogo, zina makao yake sebuleni na zikae huko kwa amani. Lakini ziko picha ambazo mtu akizitazama peke yake hupata nusu yake tu. Kichekesho ni cha kwanza, kwa sababu kicheko cha wengine humpa ruhusa mtu mzito. Kitisho ni cha pili, kwa sababu hofu hukua ikipita kiti kwa kiti. Picha ya nyimbo ni ya tatu. Na picha pana za bahari, jangwa au vita, ambazo macho hutembea ndani yake, ni za nne. Fauka ya hayo, pana adabu ambayo jumba humlazimisha mtu nayo na nyumba haiwezi: picha haisimami. Aliyeitengeneza amepima kwa makini ni muda gani mtu angoje kabla ya mlango kufunguka, na mtu anayeisimamisha ili ajibu ujumbe, kisha akairudia baada ya kula, ameuvunja mpango huo, kisha hulaumu kwamba picha ni baridi. Nimewasikia watu wenye busara wakiikataa picha waliyoitazama kwa vipande vitano ndani ya siku tatu, na sidhani kwamba wameitazama.

Na ziko picha za aina ya tano, nazo ndizo zilizonifanya niiandike sura hii. Mwaka 2021 picha ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la picha la Toronto, ikawa picha ya kwanza ya Tanzania kufika huko. Yaeleza habari za Yasmin, msichana wa Kihindi anayemkimbia mume mzee aliyeozwa, na Denge, kijana anayepigania uhuru, katika Unguja ya miaka ya 1950, yaani Unguja ile ile ambayo ilikuwa ikipanga foleni mbele ya Majestic. Mswahili aliyezoea maisha yake yote kusoma maandishi ya chini ya kiwambo, au kumsikiliza mfasiri, akikaa katika ukumbi uliojaa akasikia Kiswahili cha mjini kikisemwa kwa sauti kamili, mzaha ukapokewa kabla haujamalizika kwa kuwa kila mtu amekwisha kuufahamu, huketi wima katika kiti chake. Raha hiyo si mpya. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alicheza mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika picha za Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu, na watu walimjua kwa sura kabla ya kumjua kwa siasa. Hata sasa katika Mji Mkongwe, tangu mwaka 1998, tamasha la picha la nchi za jahazi huonyesha picha zake ndani ya Ngome Kongwe, juu ya ngazi za mawe, chini ya mbingu wazi, na wenyeji hukaa bega kwa bega na wageni.

Picha za Kiswahili hazikosi watengenezaji, bali zinakosa kikapu cha kutilia mavuno. Kwa miaka mingi tangu mwanzo wa karne hii watengenezaji wa Dar es Salaam waliziuza haki za picha zao kwa wasambazaji kwa malipo ya mkupuo, zikauzwa katika kanda na santuri, zikanakiliwa na wezi kabla wino wa majalada haujakauka, na aliyeiandika hadithi hakupata tena hata senti. Tikiti ya jumba ni malipo yanayohesabika: kila inayouzwa huandikwa, na sehemu yake humrudia mwenye picha. Ndiyo maana namwomba msomaji jambo moja mahsusi. Picha ya Kiswahili ikitangazwa katika mji wako, usingoje kuambiwa kama ni nzuri wala usingoje wiki ya pili. Chukua ndugu au jirani, nenda usiku wa kwanza au wa pili, zima simu, na ikiwa picha imefifia toka ukamwambie msimamizi wakati ule ule, usinung'unike nyumbani. Mwenye jumba huzihesabu tikiti za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu huamua ipi ibaki na ipi iondolewe.